Wawili Walio Sawa: Umbo la Mwanamume katika Manga ya Kijapani na Tatizo la Kulitafsiri

Chanzo cha makala haya ni kosa moja la tafsiri. Katika semina yetu mwanafunzi mmoja alileta kitabu cha hadithi ya picha kutoka Japani, alichokuwa amekisoma kwa Kiingereza, akataka kuzijaribu kurasa zake za mwanzo kwa Kiswahili sanifu. Kitabu chenyewe ni Otōto no Otto, kilichotungwa na kuchorwa na Tagame Gengoroh. Alipoandika ubaoni jina alilolipendekeza, yaani Mume wa Mdogo Wangu, hakuna aliyeshtuka. Darasa lilielewa papo hapo kwamba msimulizi ana ndugu mdogo wa kike, ndugu huyo ameolewa, na mumewe ndiye atakayesimuliwa. Kumbe neno otōto la Kijapani halina maana nyingine ila ndugu mdogo wa kiume. Jina la kitabu limekusudiwa kumsimamisha msomaji wa Kijapani mlangoni, maana maneno mawili ya kila siku yamewekwa pamoja mahali ambapo hajazoea kuyaona pamoja. Kiswahili chetu kiliyapitisha bila hata kubisha hodi.

Mwenzangu mmoja aliyehudhuria aliniuliza baadaye idara ya lugha za Kiafrika ina haja gani na vitabu vya namna hiyo. Swali lake ni la haki. Lakini kosa lile halikuwa la mwanafunzi peke yake. Lilikuwa pia la lugha aliyoitumia, na ili nielewe lilikotoka ilinilazimu kurudi nyuma na kuusoma utanzu ambao ndani yake Tagame alikomaa. Niliyoyapata ndiyo ninayoyaeleza hapa. Dai langu ni kwamba manga ya wanaume wapendao wanaume, kwa umbo la miili inayoichora, imekataa kuwagawa wapenzi katika nusu mbili zisizofanana. Na kwamba kukataa huko ndiko kugumu kukutia katika lugha ambayo msamiati wake na sarufi yake hugawa kabla msemaji hajafikiri.

Yafaa kutangulia na maneno. Manga ni hadithi inayosimuliwa kwa mfululizo wa picha zilizotiwa katika visanduku, mazungumzo ya wahusika yakiandikwa ndani ya picha zenyewe. Isidhaniwe kuwa ni vibonzo vya kuchekesha vya magazetini; katika Japani manga ina majarida ya watoto, ya wasichana, ya wavulana na ya watu wazima, na kila jarida lina desturi zake za kuchora. Majina ya Wajapani nimeyaandika kwa utaratibu wao, jina la ukoo likitangulia. Ama kuhusu watu wanaosimuliwa, Wajapani wana maneno kadha. Dōseiai ni neno la kitabuni, lenye maana ya mapenzi ya jinsia moja. Gei limetoholewa kutoka Kiingereza, na ndilo ambalo wengi wao hujiita. Yako pia ya dharau, mathalani homo, au okama, ambalo ni jina la chungu cha kupikia. Sisi tuna shoga, basha, msenge na hanithi. Nitayarudia mbele, kwa sasa nasema tu kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutumika katika makala ya kitaaluma bila ya kuhukumu kabla ya kueleza. Kwa hiyo nimechagua maneno ya wazi, wanaume wapendao wanaume, ijapokuwa ni marefu.

Wengi wanaoieleza sanaa hii huanza na samurai. Mwaka 1687 Ihara Saikaku alichapisha Nanshoku Ōkagami, mkusanyiko wa hadithi 40, nusu ya kwanza ikiwahusu samurai na nusu ya pili waigizaji wa kabuki. Neno nanshoku huandikwa kwa alama mbili, ya "mwanamume" na ya "rangi", na rangi hapo ni ashiki. Lakini mapenzi yasimuliwayo humo ni ya mtu mzima na kijana ambaye nywele za utosini bado hazijanyolewa kwa mtindo wa watu wazima. Siku anaponyolewa, kijana huingia utu uzima na nafasi yake hugeuka. Uzuri wote uko upande wake: mtu mzima hutazama, kijana hutazamwa. Anayefungua jarida la wanaume hawa la miaka ya 1990 hatamkuta kijana huyo kuwa kipimo cha uzuri. Kwa maoni yangu uzi unaodaiwa kumfunga Saikaku na wachoraji wa siku hizi ni mwembamba kuliko wasemavyo wanaopenda nasaba ndefu. Kati yao kuna Enzi ya Meiji, ambamo sheria ya kuadhibu tendo hilo ilitungwa katika miaka ya 1870, kisha ikaachwa katika kanuni ya adhabu ya mwaka 1880 iliyoanza kutumika mwaka 1882. Tangu hapo kilichowazuia watu hakikuwa kifungo bali haya.

Mwili ninaouzungumzia ni wa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwandishi Mishima Yukio alianza kujenga misuli kwa mazoezi ya vyuma mwaka 1955, na mwaka 1963 mpiga picha Hosoe Eikō alitoa kitabu cha picha zake kiitwacho Barakei, ambamo mwili huo umewekwa pamoja na mawaridi. Katika miaka hiyo hiyo jarida la Fūzoku Kitan, lililotoka kuanzia mwaka 1960 hadi 1974, lilikuwa likichapisha michoro ya wanaume iliyochorwa na wanaume, japo halikuwa jarida lao peke yao. Kisha mwaka 1971 mhariri Itō Bungaku, ambaye yeye mwenyewe hakuwa mpenzi wa wanaume, akaanzisha Barazoku, jarida la kwanza la watu hawa kuuzwa nchi nzima katika maduka ya kawaida ya vitabu. Jambo hilo si dogo. Kijana wa mji mdogo wa mbali, asiyejua kama duniani kuna mwingine kama yeye, aliweza kuingia dukani na kutoka na ushahidi mkononi. Ndani yake mlikuwa na safu ya barua ambamo wasomaji walitafutana, na nadhani kwa wengi safu hiyo ilikuwa na thamani kuliko picha.

Jina Barazoku maana yake ni "kabila la waridi". Itō alieleza kwamba alilitoa katika kisa cha Kiyunani cha mfalme Laio na wapenzi wake chini ya miti ya mawaridi. Kutokana na jina hilo, manga za namna hii zimeitwa bara na wapenzi wake walio nje ya Japani, na huko nje jina limeshika. Ndani ya Japani halikukubalika hivyo. Tagame mwenyewe amelikosoa, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya dharau na lilikwisha kuchakaa. Tunalo hapa jina ambalo mwanzo wake ni mhariri asiyekuwa mmoja wao, likapotea nyumbani, kisha likafufuliwa na wageni. Wanaisimu wenzangu hawatakosa mifano ya majina ya makabila yetu yaliyopatikana kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1974 yalianza majarida ya Adon na Sabu, mwaka 1982 Samson, mwaka 1994 Badi, na mwaka 1995 G-men, ambalo Tagame alishiriki kuliasisi. Sabu ndilo lililoweka kielelezo cha umbo. Mchoraji Mishima Gō alichora wanaume wenye nywele fupi za kukwanguliwa, shingo nene, chale za rangi za wahuni wa yakuza mgongoni, na kiunoni fundoshi, ambayo Kiswahili kinaweza kuieleza barabara: wamepiga winda. Mwingine, Hayashi Gekkō, alikuwa na maisha mawili ya usanii. Kwa jina la Ishihara Gōjin alichora mazimwi na majitu katika vitabu vya watoto. Kwa jina la Hayashi Gekkō aliwachorea wasomaji wa Sabu wanaume wa jasho na mwanga mkali. Ukizitazama kazi zake za pande zote mbili utaona mkono ni ule ule, na zimwi na mpenzi wanaangazwa kwa taa moja.

Umbo hilo ni la namna gani? Kiswahili hakina uhaba wa maneno yake. Ni pande la mtu, mtu wa miraba minne, njeba. Kifua ni kipana na kina nywele, ndevu zimeachwa, mapaja ni mazito, na mara nyingi kuna kitambi juu ya misuli. Wasomaji walikuwa na msamiati wao wa kuainisha: gatchiri ni mtu aliyeshikana mwili, debu ni mnene, kuma ni dubu, mkubwa mwenye manyoya. Umri hauogopwi. Oyaji, yaani mzee wa makamo mwenye sura ya baba wa mtu, huwa mhusika mkuu na hutamaniwa. Kazi za wahusika nazo huandamana na mwili: wajenzi, wavuvi, walimu wa judo, askari, wachukuzi wa madhabahu katika sherehe za mitaani. Hata mistari ni mizito, iliyorithiwa katika gekiga, mtindo wa hadithi za picha za watu wazima uliopewa jina hilo na Tatsumi Yoshihiro mwaka 1957. Baadaye Jiraiya, aliyechora majalada ya G-men kwa miaka mingi, aliondoa ukali huo: wanaume wake ni wanene wenye afya, wanatabasamu, na wangeweza kuwa majirani zako.

Umuhimu wa umbo hili hauonekani mpaka uliweke kando ya utanzu mwingine unaochanganywa nalo mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 kikundi cha wachoraji wanawake, kiitwacho Kundi la Mwaka wa 24 kwa sababu wengi wao walizaliwa karibu na mwaka 1949, ambao ni wa 24 wa enzi ya Shōwa, kilianza kuwachorea wasichana hadithi za mapenzi kati ya wavulana. Hagio Moto alitoa Tōma no Shinzō mwaka 1974, na Takemiya Keiko akaanza Kaze to Ki no Uta mwaka 1976. Mandhari ni shule za bweni za Ulaya, na wavulana ni wembamba, wenye macho makubwa na nywele za kupeperuka. Ni kazi za maana sana, wala simo miongoni mwa wanaozidharau. Lakini katika utanzu uliozaliwa kutokana nazo ulizuka utaratibu wa kumpa kila mpenzi cheo: mmoja ni seme, ashambuliaye, mwingine ni uke, apokeaye, maneno yaliyochukuliwa katika sanaa za kupigana. Msomaji hutambua kwa kutazama tu. Seme ni mrefu na ana macho makali. Uke ni mdogo na hulia. Mwaka 1992 Satō Masaki aliandika katika jarida la wanawake liitwalo Choisir kuwashutumu watungaji na wasomaji wa kazi hizo kwamba walijifurahisha kwa picha za wanaume kama yeye bila ya kujali wanaume hao wanaishi vipi, na mabishano makubwa yakafuata. Baadhi ya wanawake walijibu kwamba hadithi zile hazikukusudiwa kumhusu yeye; zilikuwa njia yao ya kuzungumzia mapenzi bila ya mwili wa mwanamke kuwekwa mezani. Naona pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo sababu mabishano hayakwisha upesi.

Tazama sasa manga ya wanaume. Wapenzi wawili wamechorwa kwa kipimo kimoja. Ukiwafunika nyuso, huwezi kusema nani ni nani. Wote wana ndevu, wote wana mabega, na wote husema ore. Hapa niseme neno juu ya viwakilishi, kwa kuwa ni jambo la fani yetu. Kijapani kina namna nyingi za kusema "mimi": watashi ni la adabu, boku ni la kiume lakini laini, na ore ni la kiume na la ukavu. Kuna pia usemi uitwao onē kotoba, wa kuiga maneno ya wanawake, ambao katika vichekesho vya televisheni hutiwa kinywani mwa kila mwanamume wa aina hii. Mchoraji anapompa mhusika wake ore na viishio vya sentensi vya kikavu kama zo na ze, anakanusha kichekesho hicho katika kila sentensi. Kiswahili kina "mimi" moja. Mfasiri itambidi autafute ukavu huo penginepo, labda katika "bwana we" na katika ufupi wa kauli, na hata hivyo atapata nusu tu.

Nisieleweke kuwa nausifu utanzu huu pasi na mipaka. Uume huu una ukatili wake. Katika kazi za Tagame za miaka ya mwanzo, kama vile Gedō no Ie na Kimi yo Shiru ya Minami no Goku, kuna kamba, mateso na kushurutishwa, na kurasa nyingine hazifai kujadiliwa hapa kwa undani. Mtu aliyezoea picha za damu za Tsukioka Yoshitoshi (1839–1892) atatambua jadi inayozungumza humo. Dhamira yake kuu ni fahari ya mwanamume na kuvunjika kwake. Askari, mkuu wa nyumba, bingwa wa mchezo, yule ambaye jamii imemwambia kwamba hapigi magoti, anapigishwa magoti, na katika kuanguka anagundua tamaa aliyokuwa ameifungia. Si ajabu kwamba mandhari yake ni kambi ya wafungwa wa vita au nyumba ya ukoo ya kale ya shambani, maana hizo ndizo asasi zilizomfinyanga mwanamume wa Kijapani wa karne iliyopita. Kwa hiyo usawa ninaoutaja si usawa wa madaraka. Hata hivyo anayevunjwa hapa si mwembamba anayelia. Ni njeba mwenyewe, tena na njeba mwenziwe. Unyonge haukugawiwa kwa umbo.

Dosari nyingine ni kwamba kipimo hiki kina wanaobaki nje. Mwanamume mwembamba, au yule ambaye sauti yake kwa kweli ni laini, hakuwa na nafasi katika jarida kama Sabu ila kama mzaha. Waliotukanwa kwa kuitwa wanawake walijibu kwa kuchora vifua, na vifua hivyo vikawa ukuta mpya. Jambo hili wapenzi wa sanaa hii hulipita haraka mno.

Majarida yenyewe yamekwisha moja baada ya jingine: Sabu mwaka 2002, Barazoku mwaka 2004, ijapokuwa lilifufuliwa kwa muda mfupi, G-men mwaka 2016, Badi mwaka 2019. Wakati milango hiyo ilipokuwa ikifungwa, Tagame alitokea kwenye mlango ambao hakuna aliyemtazamia. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2017 alichapisha Otōto no Otto katika jarida la kawaida la kila mwezi, Gekkan Akushon, lililokuwa likisomwa na watu wa kila namna. Kitabu kilipata tuzo katika Tamasha la Sanaa za Vyombo vya Habari la Japani mwaka 2015, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya Eisner huko Marekani mwaka 2018.

Kisa ni hiki. Yaichi ni baba anayemlea peke yake binti yake mdogo, Kana. Ndugu yake pacha, Ryōji, alihamia Kanada, akaoana huko na mwanamume aitwaye Mike, kisha akafa. Siku moja Mike anabisha hodi. Ni Mkanada mkubwa, mwenye ndevu na kifua cha manyoya, na amekuja kuona mahali alipokulia marehemu. Majina ya mapacha yana "moja" na "mbili" ndani yake, Yaichi na Ryōji, kama sisi tunavyosema Kulwa na Doto. Mike anapomtazama Yaichi anauona uso wa mumewe aliyezikwa.

Jambo lililonigusa ni kwamba Tagame hakubadilisha mwili hata kidogo. Mike angeweza kutoka katika ukurasa wowote wa G-men, na Yaichi pia, kwa kuwa naye amechorwa na mabega yale yale, na tunamwona akioga na akilala kama walivyochorwa wanaume wa majarida ya faragha. Kilichobadilika ni jicho linalotazama. Zamani jicho lilikuwa la msomaji mwenye tamaa. Sasa ni la mtoto. Kana anayastaajabia manyoya ya kifua cha Mike kama anavyostaajabia kila kitu kigeni na kizuri, wala hajui kwamba kuna sababu ya kunong'ona. Yaichi ndiye anayejua, na Tagame anaichora aibu yake kwa mbinu rahisi ya visanduku: tunaonyeshwa kwanza jibu kali ambalo moyo wake umelitunga, kisha katika kisanduku kinachofuata jibu la adabu alilolitoa kwa kinywa. Pengo kati ya visanduku hivyo viwili ndilo hadithi nzima. Hakuna mtu mwovu katika kitabu hiki. Kuna mama wa rafiki ya Kana anayehofia ushawishi mbaya, na kuna Katōyan, rafiki wa zamani wa Ryōji, ambaye ni kama yeye lakini ameamua kuishi bila ya kumwambia mtu. Ukurasa wa Katōyan ni mzito kwangu kuliko kamba zote za vitabu vya awali.

Mwaka 2018 shirika la utangazaji la NHK liliifanya hadithi hii kuwa mchezo wa televisheni wa sehemu tatu. Aliyechaguliwa kuwa Mike ni Baruto, Mwestonia aliyewahi kufikia daraja la ōzeki, la pili kwa ukubwa katika mieleka ya sumo. Umbo lililoanzia katika michoro ya siri likaingia sebuleni mwa watu kwa mwili wa mtu waliyekwisha kumshangilia ulingoni.

Narudi kwenye semina. Kana anaposikia kwamba Mike na baba yake mdogo walikuwa mke na mume, kwa jinsi anavyojua, anauliza yupi alikuwa mume na yupi mke. Mike anajibu kwamba wote wawili walikuwa waume. Katika Kijapani swali hili ni la mtoto; limetoka katika mazoea yake, si katika kitenzi, maana kekkon suru, "kufunga ndoa", hakimlazimishi msemaji kuonyesha nani alimfanya nini mwenzake. Katika Kiswahili swali limo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kana wa Kiswahili hahitaji hata kuwa na udadisi. Akifungua kinywa kusema kwamba Ryōji ali-, sarufi inamdai achague. Msamiati tulionao wa kuwataja watu hawa hugawa vivyo hivyo. Basha ni mfalme katika karata, na ndiye afanyaye. Shoga, jina ambalo wanawake wa pwani huitana marafiki, likihamishiwa kwa mwanamume humtia katika nafasi ya mwanamke. Hanithi humnyima uume kabisa. Ni seme na uke wa kwetu. Mike na Ryōji, wenye vifua viwili vilivyo sawa, hawana pa kukaa kati ya maneno hayo.

Kauli ya kutendana inaokoa. "Walioana" haimtaji mtendaji wala mtendwa, na mwanafunzi wetu aliitumia tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo msomaji angetazamia "alioa". Neno shemeji nalo limetufaa kuliko tulivyotumaini: halina jinsi, huitikiwa na neno lile lile, na Yaichi anapolazimika kulitamka kwa mara ya kwanza lina uzito wa undugu ambao Kiingereza hakina. Sauti pia zilitupa faida ndogo ya kufurahisha. Wachoraji wa Kijapani huandika tanakali ndani ya picha, hata tanakali ya ukimya, shiin, na ya kukodoa macho bila ya kusema, jii. Sisi tunasema kimya jii. Mwanafunzi alipoiacha jii kama ilivyo juu ya kichwa cha Kana anayemkodolea Mike macho, ilitoa maana tofauti kidogo, na bado ikafaa.

Lililobaki ni mawili. Jina la kitabu sasa ni Mume wa Mdogo Wangu wa Kiume. Ni refu, halina mdundo wa asili, lakini walioliona ubaoni safari hii walinyamaza kwa muda. La pili ni namna Kana atakavyomwita mgeni. Kijapani kinamwita ojisan, neno moja la wajomba na maami wote. Kiswahili kinataka kujua ni upande wa nani. Mjomba ni ndugu wa mama, na Mike si huyo. Mume wa shangazi tunaye, lakini hapana shangazi hapa. Ryōji alikuwa baba mdogo wa Kana. Je, mume wa baba mdogo naye ni baba mdogo? Mwanafunzi aliandika baba mdogo, akalifuta, akaandika ami Mike, na hapo ndipo rasimu yake ilipo hadi sasa.